Barua za Monsieur Daemon

Nianze na ukweli, maana nimeuficha vya kutosha: karatasi zilizomtia kaka yangu Esdras mikononi mwa wanajeshi nilizitoa mimi. Mimi Noémie, mwalimu wa darasa la nne, Mmetodisti tangu tumboni mwa mama, mtu anayewaadhibu watoto kwa kusema uongo. Nilizichukua kwenye biro, yaani ofisi, ya wifi yangu Agar zikiwa zimechapwa upande mmoja, nikawaandikisha wanafunzi hesabu upande wa pili, na zilipojaa nikampa Mama Marceline anayekaanga mikate ya mafuta na kuiuza base, kambi ya jeshi. Mwaka ule wa 1999 karatasi ilikuwa haba Kamina nzima, na mkate wa moto haupokelewi kwa mkono mtupu.

Agar mwenyewe sikumpenda. Alikuwa dactylo, mpiga chapa wa ofisi ya kanisa, na aliandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Ungeingia kumsalimu, naye angekuitikia na kukuuliza habari za watoto akikukazia macho, huku vidole vikimaliza barua ya mchungaji bila kosa hata moja. Mimi niliona ni maringo. Kaka yangu aliona ni ajabu ya dunia, akamwoa.

Kompyuta ililetwa na mmisionari mmoja Mswidi, fundi wa redio, ikiwa kuukuu tayari. Kwa vile ilikuwa haina nguvu za kubeba Windows, aliipa mfumo mwingine unaoitwa NetBSD, jina ambalo mjini kwetu hakuna aliyewahi kulisikia. Mfumo huo hauuzwi. Waliouandika wametawanyika duniani, na maandishi yake yote wameyaacha wazi, anayeweza kuyasoma ayasome na anayeweza kuyarekebisha ayarekebishe. Hauna picha wala rangi, ni kioo cheusi na maneno meupe tu. Vita vya Agosti 1998 vilipoanza, mmisionari aliondoka na begi moja, akamwachia Agar sanduku la viatu lililojaa disketi na daftari la maelezo. Tangu siku ile fundi wa mfumo ule alikuwa Agar. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Alikaa na kamusi ya Kiingereza mapajani, akisoma neno kwa neno, na kitu kikiharibika alikijenga upya kutoka kwenye disketi. Mimi nilimwambia kaka yangu kwamba mkewe amepata mume wa pili, wa bati.

Kazi ya kompyuta ilikuwa moja. Esdras alikuwa opereta wa foni, redio ya kuzungumza mbali, na yule Mswidi alikuwa ameunganisha hizo mbili ili barua ziandikwe kwenye kompyuta na kupelekwa Lubumbashi kwa redio. Watu walikuwa wakitukimbilia kutoka Malemba-Nkulu na Mulongo kulikokuwa na mapigano, wengi wamepotezana na watoto njiani. Agar aliandika majina, Esdras akayatuma kila mahali alipodhani pana mtu wa kusaidia, hata kwenye anwani za kubahatisha. Anwani nyingi zilikuwa za uongo au zimekufa, na barua zikarudi, Agar akazichapa ili ajue zipi zimekwama. Barua ikirudi huja na maelezo ya kwa nini imerudi, na penye jina la mwandishi huwa pameandikwa MAILER-DAEMON. Huyo si mtu. Ni kipande cha mfumo kinachofanya kazi chinichini bila kuonekana, na barua ikikosa pa kwenda ndicho kinachomrudishia aliyeituma. Mchungaji wetu alipoliona jina lile alisema ni shetani na akataka lifutwe. Agar alimwambia halifutiki.

Hizo ndizo karatasi nilizompa Mama Marceline.

Mwanajeshi mmoja alimaliza mkate wake akasoma karatasi. Akakuta Malemba, akakuta Mulongo, akakuta Kiingereza, na jina lile lile la mtu asiyejulikana. Akaipeleka kwa kapiteni wake. Kapiteni akanunua mikate yote ya siku ile kwa ajili ya karatasi, akazipanga mezani, akahesabu barua thelathini na moja za bwana mmoja kwa mwezi mmoja. Jumanne walimchukua Esdras nyumbani akiwa ananyoa ndevu. Alikwenda na sabuni shavuni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa bironi kwa Agar. Shule ilikuwa imefungwa, wakimbizi wanalala madarasani, na mimi sikuweza kukaa nyumbani na moyo wangu. Tangu Jumanne nilikuwa najua kilichomponza kaka yangu, na sikuwa nimemwambia mtu. Saa tatu jeep ilisimama mlangoni. Kapiteni aliingia na wanajeshi wawili, mwembamba, sare imepigwa pasi, bahasha chini ya kwapa. Kiswahili chake kilikuwa cha mashariki, ng'ambo ya mstari wa vita, kulikoshikwa na waasi. Hakukaa. Alimwaga karatasi zenye mafuta juu ya meza ya Agar.

«Nani alitosha hizi karatasi humu, akazipeleka inje?»

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua.

«Ni minyi, mon capitaine,» Agar alisema. «Nilipana ya kufungia mikate.»

Hakunitazama. Alikuwa amejua tangu lini, mpaka leo sijui. Nilikifunga kinywa changu, na aibu ya siku ile ninayo bado.

«Sikia muzuri, mama,» kapiteni alisema. «Ndege inaenda saa sita. Bwana yako atapanda, atapelekwa kwenye tribunal ya jeshi, bamuhukumu. Wenye kupanda ile ndege, minyi sijaona mwenye kurudia. Saa tano minyi natoka hapa, juu barabara ya base iko mubaya. Mbele ya saa tano unipatie huyu Mailer Daemon. Nikimupata, bwana yako anabakia.»

«Hapana muntu, mon capitaine. Iko mu mashini.»

«Mu mashini.» Alichukua karatasi moja kwa ncha za vidole. «Anaandika tarehe. Anaandika saa. Anaandika jina yake, prénom na yote. Anamujibia bwana yako mara makumi tatu na moja. Weye unaniambia hapana muntu.»

«Nitakuonyesha.»

Agar aligeukia kompyuta, vidole vikaanza. Mwanajeshi aliyesimama karibu na ukuta aliona maneno meupe yakikimbia kwenye kioo, akadhani anamwonya mwenzake, akauvuta waya wa umeme kutoka kwenye betri. Kioo kikafa.

Sijawahi kumwona Agar akitoa sauti isiyo ya adabu ila siku ile. Haikuwa neno, ilikuwa kama mtu aliyekanyagwa mguu. Mfumo ule huvumilia mengi, lakini ukikatiwa umeme ghafla katikati ya kuandika huweza kuvuruga faili zake. Barua zote za Esdras, ushahidi wote kwamba alikuwa akitafuta watoto tu, zilikuwa mle.

«Rudisha,» kapiteni alimwambia mwanajeshi, naye akaurudisha waya.

Kompyuta iliamka polepole. Ikiamka namna ile hujikagua yenyewe kwanza, na ikikuta madhara ambayo haithubutu kuyarekebisha peke yake, husimama na kudai neno la siri la msimamizi. Ilijikagua dakika nyingi. Saa ya ukutani ilifika tatu na nusu. Kisha ikasimama.

Agar aliandika neno la siri. Neno lile halionekani kwenye kioo ukiliandika, hata nyota haitokei, na kapiteni aliinama akaona vidole vinagonga na hakuna herufi.

«Unaandika nini? Sioni kintu.»

«Ni vile inafanyaka, mon capitaine. Inaficha.»

Mashini ikakataa. Agar akaandika tena, polepole. Ikakataa. Mara ya tatu nilimwona akifumba macho kabla ya kugonga, nayo ikakataa vilevile. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

«Njo ile neno, hapana ingine,» alisema, si kwa kapiteni wala kwangu. «Njo ile, naijua.»

«Mama,» kapiteni alisema, «unanichezea.»

Esdras ndiye aliyekuwa akiishika kompyuta ikiugua namna ile. Agar husimama pembeni na daftari akimwelekeza, Esdras hugonga kwa vidole viwili akitafuta herufi moja moja na kulalamika, na jioni mezani alikuwa akirudia kwangu malalamiko yale yale mpaka nikayachoka. Nilimwona akilini, na mchuzi kidevuni, akisema: mgonjwa yule, ikipata homa inasahau Kifaransa.

«Yaya Agar,» nilisema, kama tunavyowaita wakubwa wetu, na sauti ilitoka kwa hasira maana ndiyo sauti niliyokuwa nayo. «Yaya Esdras anasemaka ikigonjwa inasahau Kifaransa.»

Aligeuka akanitazama. Kisha akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Nieleze, maana mimi mwenyewe nilielezwa baadaye. Mbao ya herufi tunayoitumia sisi ni ya Kifaransa, ile waliyozaliwa nayo watu wa mfumo ule ni ya Kimarekani, na herufi kadhaa hazikai mahali pamoja. Kompyuta ikiwa nzima, husoma agizo la Agar kwamba hapa tunaandika Kifaransa. Ikiwa mgonjwa, haijafika kwenye agizo hilo bado, na hurudi kwa lugha ya mama yake. Ukigonga A yenyewe inasikia Q. Ukigonga W inasikia Z. M imehamia kwenye mkato. Mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja hugundua mapema, lakini vidole vya Agar vilikuwa havijakosea kwa miaka kumi na mbili, ndiyo maana alikosea mara tatu.

Alichukua penseli akaandika kwenye pembe ya karatasi ya mikate: mkato, z, q, n, w, q.

Kapiteni aliiwahi ile karatasi kabla hajaitumia. «Hii iko code.»

«Iko jina ya baba-mukwe yangu, mon capitaine. Mwanza.»

«Mwanza,» kapiteni alirudia, akisoma mkato na z na q. Nilidhani atampiga. Ningekuwa mimi ndiye kapiteni, ningempiga. Alitazama saa ya ukutani, saa nne kasoro, akairudisha karatasi.

Agar alikunja vidole vinane akabakiza viwili. Aligonga akitazama chini, herufi moja, nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Dactylo bora wa Kamina. Mashini ikafunguka.

Halafu ikaanza kuuliza. Kila kipande kilichovunjika iliuliza kama itengeneze, na kila mara Agar alijibu ndiyo kwa herufi moja ambayo, kwa bahati, haihami. Niliacha kuhesabu maswali baada ya hamsini. Hakujua kama katika kila ndiyo anaokoa barua au anaizika. Wala mimi sikusali, nilisahau, nilikuwa nikitazama mshale wa saa. Saa nne na robo ilimaliza, ikajizima, ikaamka tena ikiongea Kifaransa. Agar alitafuta barua za Esdras. Zilikuwepo. Alishusha pumzi, na mimi nikashusha yangu, mapema mno.

Kapiteni alisoma barua dakika ishirini akiwa amesimama. Majina, umri, kijiji, nani alimwona mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

«Hizi nimeona. Bwana yako anatafuta batoto, ni muzuri. Jasusi pia anaweza kutafuta batoto. Minyi nimeuliza Daemon njo nani.»

Agar alisimama, akaenda nyuma ya kompyuta, akauchomoa waya uliokwenda kwenye foni. Akampa kapiteni ncha yake.

«Kamata, mon capitaine. Sasa mashini haiwezi kusema na Lubumbashi, haiwezi kusema na muntu. Nitaandika barua kwa muntu hayuko. Daemon akijibu, utajua anaikala humu ndani.»

Kapiteni aliushika waya, akaukunja mara mbili kiganjani. Hakuwa mjinga. «Hapana weye. Weye unaweza kutayarisha mbele. Jina nitatoa minyi.»

«Toa, mon capitaine. Jina moja paka, moja tu.»

Niliona anatafuta jina ambalo hakuna mtu Kamina angeweza kulijua kabla.

«Béthanie,» alisema.

Agar akaandika Béthanie, akatuma. Hatukupata muda wa kumeza mate. Barua iliingia, MAILER-DAEMON, tarehe ya leo, saa ya dakika ile. Kapiteni aliutazama waya mkononi mwake, akautazama ukuta, akakitazama kioo.

«Anasema nini?»

«Anasema Béthanie hajulikane hapa.»

Kapiteni aliukaza waya kiganjani. Wanajeshi wake walitazamana.

«Tena. Divin.»

Agar akaandika. Daemon akajibu. «Divin hajulikane hapa.»

«Hadassa.»

«Hajulikane hapa, mon capitaine.»

Hayo hayakuwa majina ya majasusi. Mimi ni mwalimu, naijua sauti ya mtu mzima anayetaja majina ya watoto wake, huanza na mkubwa. Nilimwogopa zaidi wakati ule kuliko alipotaja ndege, kwa sababu mtu aliyeumia moyo, tena mwenye silaha kiunoni, anaweza kufanya lolote. Alisimama na waya wake. Kisha akauweka mezani taratibu, akazikusanya karatasi za mikate, akazirudisha bahashani.

«Anamusemea kila muntu vile?»

«Kila muntu mwenye hayuko mu mashini.»

Alitoka bila kuaga. Jeep iliondoka saa tano na dakika tano, na hakuwa ametuambia lolote kuhusu Esdras.

Tulikaa. Agar aliurudisha waya wa foni mahali pake, akaketi, akaweka mikono mezani. Nilitaka kumwambia kuhusu karatasi, nikashindwa, nikapiga deki biro ambayo ilikuwa safi. Saa sita na dakika kumi ndege ilipita juu ya mji. Ilipita chini sana hata bati likalia. Hakuna kati yetu aliyejua nani yumo ndani yake. Agar alipiga magoti pale pale sakafuni kwenye maji yangu ya deki, na mimi nikapiga karibu naye, na hilo ndilo jambo la kwanza tulilofanya pamoja tangu aolewe.

Esdras alifika saa kumi na moja jioni, nyuma ya baiskeli ya mwuza mkaa, ndevu za upande mmoja. Alikuwa amevimba jicho na hakutaka kulisemea. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama mashini iko nzima. Agar akamjibu kwamba ilipata homa. Nilimkumbatia kaka yangu, kisha, mbele yake, nikamwambia mkewe kuhusu karatasi. «Najua,» Agar alisema. «Leta sahani.»

Kesho yake asubuhi nilimkuta Agar akiandika, nikachungulia, kwa kuwa sasa nilikuwa na haki ya kuchungulia. Alikuwa anafungua masanduku matatu ya barua mle ndani ya mfumo. Béthanie. Divin. Hadassa. Nilimwuliza ni ya nini. Alisema hata yeye hajui, ila hakulala vizuri.

Wiki tano zilipita. Siku moja mchana kapiteni alikuja kwa miguu, peke yake, amebeba mfuko wa safari. Kikosi chake kilikuwa kinapelekwa mbele, kule Malemba. Alisimama mlangoni kama mtu anayeomba maji.

«Ule Daemon angali?»

«Angali, mon capitaine.»

«Mama, nataka kuandika barua. Kwa bale batatu.»

Agar alimwambia ukweli, kwamba kutoka kwetu hakuna njia ya barua kwenda mashariki, si kwa foni, si kwa ndege, si kwa chochote. «Najua,» alisema. «Andika paka.» Akaisema barua akiwa amesimama: Niko mzima. Niko Kamina. Mama yenu asiuze nyumba. Musome. Papa. Vidole vya Agar viliandika bila yeye kutazama chini, na siku ile sikuona maringo yoyote. Alituma.

Kapiteni alikaza macho kwenye kioo, kiganja juu ya meza, akingoja kukataliwa. Tulingoja naye. Hakikuja kitu.

«Juu ya nini hajibu?»

«Juu banajulikana sasa,» Agar alisema.

Kapiteni akavaa kofia, akamshika Agar mkono kwa mikono miwili jinsi watu wanavyowashika wakwe, akaenda. Habari zake hatukuzisikia tena.

Vita vimekwisha, au wanasema vimekwisha. Vijana wametuletea kompyuta mpya zenye rangi na wanamcheka Agar na kioo chake cheusi. Anawaacha wacheke. Mara mbili sasa amehamishia mfumo wake kwenye mashini nyingine, na mara zote mbili kitu cha kwanza kuhamishwa kilikuwa masanduku yale matatu, mimi nikimpa disketi moja moja kwa mpangilio, kazi ambayo ananiamini nayo. Mfumo ule huweka alama pembeni mwa barua ambayo mwenyewe hajaifungua. Barua ya kapiteni ingali na alama hiyo, na mashini bado inaiita mpya.